KUTENGENEZA SANAMU ZA PLASTIKI ZILIZOVUNJIKA

 

Katika kurasa hizi mumezoea kusoma somo la historia, la kilimo ao la afya. Mara hii ni somo la mikono. Linahusu namna ya kutengeneza sanamu za plastiki zikivunjika: pupe ya mutoto, nyama wadogo wa kuchezea, motokari ndogo, na hata sanamu za kufundishia. Somo hili halihitaji umeme wala vyombo vya bei kali. Linahitaji uvumilivu.

1. SABABU GANI NINAANDIKA

Wengi munajua ile sanamu ya mwili wa mtu inayokaa juu ya kabati, ku darasa la biolojia. Ni kiwiliwili bila mikono wala miguu, na ndani yake mwalimu anatoa moyo, mapafu, ini na matumbo, kiisha anavirudisha. Tuko nayo moja tu. Sisi wa darasa la mwisho tunajua faida yake, maana mutu akiisha kushika ini kwa mkono wake hawezi tena kusahau liko upande gani.

Muhula uliopita sanamu hiyo ilikutwa imevunjika na vipande vimefichwa nyuma ya kabati. Bega lilikuwa limetoka, kifua kimepasuka, na kile kijiti kinachoshikilia ini kimekatika. Siku ile kijana mmoja wa darasa la saba ndiye alikuwa zamu ya kufagia. Wote wakasema ni yeye. Alikataa akilia, lakini nani anamsikiliza mutoto wa darasa la saba? Mimi, kama kapita wa wanafunzi, nilipewa kazi ya kuandika jina lake ku liste ya wenye kuazibiwa. Nikaliandika.

Ukweli ni kwamba sanamu nilivunja mimi. Mangaribi nilibeba benchi peke yangu, mguu wa benchi ukagonga kabati, sanamu ikaanguka ku simenti. Hakuna aliyeniona. Nilificha vipande, nikaenda zangu. Siku mbili nikanyamaza. Usiku wa pili usingizi haukuja hata kidogo, na asubuhi nikaenda kugonga mlango wa Prefe.

Prefe hakupiga kelele. Alifuta jina la yule kijana mbele ya macho yangu, akaniambia nikamuombe musamaha mbele ya darasa lake lote. Nikafanya. Kiisha akasema: «Sasa, kapita, vitu viwili vimebaki. Sanamu uitengeneze. Na siku itakapokuwa imesimama, uandike namna ulivyofanya. Mwengine akivunja kitu, asikimbilie kukificha kwa kuwa anafikiri hakitengenezeki.»

Basi, hili ndilo deni langu ninalolipa.

2. MAKOSA YANGU YA KWANZA

Kosa la kwanza: nilinunua kole ya haraka, ile ya kitubu kidogo inayokamata vidole, nikapaka nyingi bila kusafisha. Vumbi na mafuta ya mikono ya wanafunzi wa miaka mingi vilikuwa pale. Ini likakamata, na mangaribi ile ile likaanguka. Tena nilisahau kwamba kijiti kile kinabeba uzito. Kole peke yake haiwezi kufanya kazi ya kijiti.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Nilikuwa nimeona sokoni mafundi wanaoziba basani zilizopasuka kwa chuma cha moto. Nikasema: hata mimi naweza. Nikapeleka bega nyumbani, nikaweka musumari ku makala ya mbabula, nikaugusisha ku plastiki. Moshi ulitoka wenye kuwasha pua na koo. Mudogo wangu akaanza kukohoa. Mama akanikamata shati: «Weye, unataka kutuua? Toka inje na hiyo takataka yako!» Mahali nilipogusa pakawa peusi, na alama ile iko pale mpaka leo.

Kesho yake mwalimu wa kemia akanieleza: sanamu ile ni ya plastiki inayoitwa PVC. Ndani ya PVC mna klorini. Ukiichoma, inatoa gesi ya asidi kloridriki, ambayo ikikutana na maji ya pua, macho na mapafu inaunguza. Basani ya fundi wa sokoni ni plastiki ya jamaa nyingine. Ndiyo maana yeye anafaulu na mimi nilishindwa. Akaniambia: «Anza kwa kujua kitu ulicho nacho mkononi, ndipo utafute dawa.»

3. JAMAA ZA PLASTIKI

Tunasema «plastiki» kama vile ni kitu kimoja, kumbe ni jamaa kubwa. Kuna plastiki ambayo ikiisha kukauka haiyeyuki tena, hata uipashe moto namna gani. Ya kwanza ya namna hiyo ni bakelite, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1907 na Leo Baekeland, mutu aliyezaliwa mji wa Gent, Ubelgiji. Vishikio vyeusi vya sufuria za zamani vilitengenezwa nayo. Hiyo usipoteze muda kuiyeyusha.

Nyingine zinalainika kwa moto na kukauka tena zikipoa. Katika hizo, zile tunazokutana nazo sana ni hizi:

a) Polietileni. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1933. Ni bidoni za maji, vifuniko, mifuko, na wale askari wadogo wa kuchezea wanaojikunja bila kuvunjika. Ukiigusa ni kama ina mafuta.

b) Polipropileni. Ilianza kutengenezwa katika miaka ya 1950. Ni basani, viti vya plastiki, na motokari nyingi za watoto. Ni ngumu kidogo kupita ya kwanza.

c) Polistireni. Ni ngumu na inavunjika kwa sauti kali, pa! Zile sanamu ndogo ambazo watu wa Ulaya na Marekani wanaunganisha na kupaka rangi kwa kujifurahisha, kama ndege za kampuni ya Airfix ya Uingereza, nyingi zinatoka kwa hiyo. Ndugu yake ni ABS, ambayo haivunjiki upesi. Vitofali vya Lego vinatengenezwa nayo.

d) PVC. Ni tuyo za maji, sandali nyingi, vichwa vya pupe, na sanamu nyingi za kufundishia kama yetu.

4. NAMNA YA KUZITAMBUA

Kwanza geuza kitu na utazame chini yake. Tangu mwaka 1988, kwa mufano ulioanzia Marekani, viwanda vingi vinaandika namba ndani ya pembe tatu: 1 ni chupa za maji na limonadi, 2 na 4 ni polietileni, 3 ni PVC, 5 ni polipropileni, 6 ni polistireni, 7 ni zingine zote.

Kama namba haipo, tumia maji. Hapa ndipo somo la Arkimede linapata kazi. Kata kipande kidogo sawa punje ya muhindi, mahali ambapo hapaonekani. Kitie ku glasi ya maji yenye tone la sabuni, ukizamishe kwa kijiti ili vipovu vitoke, kiisha ukiache.

– Kikielea, ni polietileni ao polipropileni, maana hizo ni nyepesi kuliko maji.
– Kikizama, kichukue na ukitie ku glasi ya pili. Ndani yake weka vijiko vikubwa vitatu vya chumvi, ukoroge mpaka chumvi iishe. Maji ya chumvi ni mazito zaidi. Kikielea pale, ni polistireni ao ABS. Kikizama tena, yawezekana ni PVC. (Chupa za maji nazo zinazama, lakini hizo mutu anazijua kwa macho.)

Mutu wa Uvira alishaona jaribio hili bila kujua. Mvua ikiisha kunyesha milimani, Mulongwe inashusha takataka mpaka ziwani, na wimbi linazirudisha ku mchanga wa Kalundu na Kavimvira. Tunaokota vifuniko na vipande vya bidoni na basani, kwa sababu ni vyepesi na vinaelea. Kipande cha tuyo hukioni, kimeshazama. Ku ziwa Kivu vilevile, plastiki zinazoelea zinachukuliwa na maji mpaka barrage ya Ruzizi, Bukavu, zinaziba njia ya maji ya mashine, na hata sisi wa huku chini tunakosa umeme.

5. KAZI YENYEWE

Kabla ya yote: safisha. Osha vipande kwa maji na sabuni, uviache vikauke kabisa. Usitupe hata kachembe kamoja. Vipange ku meza, uviunganishe bila kole kwanza, ujue kipi kinatangulia. Hapana kusugua uso ule uliovunjika mpaka uwe laini, maana meno yake ndiyo yanayokamatana. Piga tu kidogo kwa papievere, ile karatasi yenye mchanga.

A. Kwa PVC (sanamu ya kufundishia, kichwa cha pupe kigumu)

Nenda ku kenkayeri uombe kole ya tuyo, ile ambayo mafundi wa maji wanatumia. Kole hii inafanya tofauti na kole ya karatasi. Inayeyusha kidogo uso wa pande zote mbili, na dawa yake ikiisha kupanda hewani, pande mbili zimekuwa kitu kimoja. Kwa hiyo:

– Paka nyembamba ku pande zote mbili.
– Unganisha mara moja, usingojee. Kamata na uhesabu mpaka mia moja.
– Funga kwa mpira. Mimi nilikata mpira wa ndani wa tairi la kinga, nikapata kamba nzuri zinazovuta bila kukwaruza.
– Acha saa 24. Najua mutu anapenda kujaribu kila mara kama imekamata. Usijaribu.

Kama kuna kachembe kaliyopotea na panabaki tundu, kwaruza kipande cha tuyo ya PVC kwa kisu, uchanganye ule unga na kole kidogo mpaka iwe kama bugali laini, uzibe nayo. Ikikauka, sugua.

B. Kwa polistireni na ABS (sanamu ndogo ngumu, motokari zinazovunjika kwa sauti)

Kole ya haraka inafaa vizuri kama pande ni safi na zinakutana vizuri. Kole hii ina hadisi yake. Mwaka 1942, Marekani, Harry Coover na wenzake walikuwa wanatafuta plastiki safi ya kutengenezea vyombo vya kulengea bunduki. Dawa moja ikawa inakamata kila kitu, wakaitupa. Baadaye waliona kwamba ubaya ule ndio faida, na mwaka 1958 ikaanza kuuzwa. Inakauka kwa sababu ya unyevu, hata ule wa hewani. Basi tone moja linatosha. Matone matano yanachelewa kukauka na hayana nguvu.

Kama kuna tundu, nyunyiza bikarbonati kidogo, ile ya kuivisha maharagi, utie tone juu yake. Inakuwa ngumu kama jiwe mara ile ile.

Asetoni, ile dawa ya kutoa verni ya kucha, inayeyusha polistireni na ABS. Inaweza kuunganisha, lakini ikimwagika inakula uso wa sanamu. Anayeanza aiache.

C. Kwa polietileni na polipropileni (askari laini, motokari za watoto, basani)

Hapa kole karibu zote zinashindwa. Uso wake haukamatani na kitu, sawa maji ku jani la liteke. Hata rangi inabanduka. Njia ni mbili.

Ya kwanza ni kuweka kijiti cha waya ndani. Nyoosha tromboni ya karatasi, ukate kipande kama urefu wa kucha. Tia alama ya wino wa biki ku upande mmoja, ugusanishe pande mbili. Wino unaacha alama ku upande wa pili, na matundu yatalingana. Toboa kwa sindano nene ukizungusha kwa vidole, sukuma waya. Njia hii inafaa kwa plastiki zote, na ndiyo niliyotumia ku kijiti cha ini. Kwa PVC, polistireni na ABS unaongeza kole. Kwa hizi laini, waya peke yake itakaza.

Ya pili ni moto, kama fundi wa sokoni. Pasha musumari, lakini usiungoje uwe mwekundu. Polietileni ngumu inalainika karibu digri 130, polipropileni karibu 165. Chuma chekundu kimepita digri 500, kinaunguza. Jaribu kwanza ku kipande cha kutupa. Ikilainika kama bugali bila kutoa moshi, moto unatosha. Ikitoa moshi, ngoja ipoe. Yeyusha pande mbili pamoja, kiisha ongeza juu yake ukanda wa plastiki ya jamaa ile ile. Kipande cha bidoni hakikamatani na basani, hata kama rangi ni moja.

6. MAMBO YA KUANGALIA

– PVC haichomwi. Kama hujui jamaa ya plastiki, usitumie moto.
– Kazi ya moto na kazi ya kole vinafanywa inje, mbali na watoto. Kole ya tuyo na asetoni vinawaka upesi. Hapana kuvifungua karibu na mbabula ao mushumaa.
– Hapana kunusa kole. Kuna vijana wanaofanya mchezo huo, na unaharibu akili na moyo.
– Kole ya haraka isiguse pamba ao nguo ya pamba. Inapata moto mkali na inaweza kuunguza ngozi. Vidole vikikamatana, loweka ku maji ya moto kidogo yenye sabuni. Usivute kwa nguvu.
– Sanamu ya mutoto anayetia vitu kinywani: usiache ncha ya waya wala kipande kinacholegea. Kama hauna hakika, usimurudishie.
– Bidoni ya maji ya kunywa: tafadhali, usiizibe kwa kole, ukaendelea kunywea. Uvira yetu inajua kipindupindu. Ugonjwa huu umeonekana mashariki mwa inchi yetu tangu miaka ya 1970, na unarudi mara kwa mara. Mupasuko unaficha uchafu ambao mkono haufikii. Bidoni hiyo ifanye kazi ya kubeba mchanga ao kumwagilia bustani.

7. MWISHO WA KAZI

Kazi yangu ilichukua mangaribi sita. Siku ya tatu, nikiwa ninahangaika kukamata bega kwa mkono mmoja na kufunga mpira kwa mwengine, yule kijana wa darasa la saba alisimama mlangoni. Nilidhani amekuja kunicheka. Akauliza: «Kapita, nikukamatie?» Akakamata. Vidole vyake ni vidogo kuliko vyangu, na yeye ndiye aliyeweza kuingiza waya ya ini mahali pake. Ninaandika hivi ili wote wajue: jina lake lilichafuliwa kwa kazi ambayo hakuiharibu, na mkono wake umo katika kuitengeneza.

Sanamu sasa imerudi juu ya kabati, na kabati limesogezwa ukutani. Ku bega kuna mustari unaoonekana, pamoja na lile doa jeusi la musumari wangu. Nilitaka kupaka rangi. Mwalimu wa biolojia akakataa, akasema wanafunzi watakaokuja watauliza, na yeye atakuwa na jibu la kuwapa.

Ndugu zangu, mukivunja kitu cha shule ao cha nyumbani, semeni siku ile ile. Vipande vikiwa bado vyote, kazi ni nyepesi. Vikikaa siku mbili nyuma ya kabati, kamoja kanapotea, na mutu asiye na kosa analia.

MASWALI

1. Kwa nini kipande cha basani kinaelea ku maji na kipande cha tuyo kinazama?
2. Kipande kimezama ku maji safi, lakini kinaelea ku maji ya chumvi. Ni jamaa gani ya plastiki? Utatumia kole gani?
3. Eleza tofauti kati ya kole ya karatasi na kole ya tuyo.
4. Kwa nini fundi wa basani anaweza kutumia moto, na mutengenezaji wa sanamu ya PVC hawezi?
5. Jaribio la nyumbani: tafuta vitu vitano vya plastiki vilivyovunjika, uvipange kwa jamaa zake. Leta jibu kwa mwalimu wa kemia.

Mwenye pupe ao nyama wa plastiki aliyevunjika wa mudogo wake, amulete siku ya posho saa nane ku darasa la biolojia. Alete vipande vyote. Kole iko.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho.